Kitabu cha Kusoma Nyumbani Jioni

Umezoea kunisikia nikisema habari za mbegu, mbolea na wadudu wa pamba. Mimi ni bwana shamba, na hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini leo nitakueleza habari za kitabu nilichokipenda nikiwa mtoto. Kitabu hicho kinaitwa Adili na Nduguze. Aliyekiandika ni Shaaban Robert wa Tanga. Alizaliwa mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Kitabu hiki kilitolewa mwaka 1952.

Mwaka 1991 nilikuwa darasa la tano, kijijini kwetu katika Wilaya ya Kwimba. Mwalimu wangu aliniazima kitabu hicho. Hakikuwa na jalada, na pembe zake zilikuwa zimeliwa na mchwa. Baba yangu hakujua kusoma. Kila jioni baada ya chakula aliniambia, "Lete kitabu." Nilikaa karibu na koroboi nikasoma. Baba na mama walisikiliza.

Hadithi yenyewe ni hii. Adili alikuwa mtawala wa mji wa Janibu, chini ya Mfalme Rai. Kila usiku aliwachapa manyani wawili. Baada ya kuwachapa aliwaonea huruma, akalia, akawalisha chakula kizuri. Mfalme alipopata habari hiyo alimwita, akamwuliza sababu. Adili akajibu kwamba manyani wale walikuwa ndugu zake, Hasidi na Mwivu.

Baba yao alipokufa, ndugu hao watatu waligawana mali. Hasidi na Mwivu walipoteza mali yao. Adili akawapokea, akagawana nao tena mali yake. Badala ya kushukuru, walimwonea wivu. Siku moja safarini walimtupa baharini. Adili aliokolewa na jini. Jini huyo ndiye aliyewageuza ndugu zake kuwa manyani, akamwamuru Adili awachape kila usiku.

Baba alisema, "Adili alikosa. Mtu amemaliza mali yake, unampaje tena nusu ya mali yako?" Mama akajibu, "Angefanya nini? Ndugu ni ndugu." Walibishana mpaka mafuta ya koroboi yakaisha.

Sasa nikueleze jambo lililotokea nyumbani kwetu. Baba na baba mdogo walikuwa hawasemezani. Misimu miwili ya kilimo ilikuwa imepita. Waligombania mpaka wa shamba, kipande cha hatua chache tu. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa minyaa, lakini hawakusalimiana. Sisi watoto tulikatazwa kupita upande wa pili.

Wahenga walisema, "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune." Mama aliufuata usemi huo. Hakuingilia ugomvi wao hata siku moja. Lakini kila jioni nilipoanza kusoma, aliniambia, "Ongeza sauti, mwanangu." Nilidhani hasikii vizuri.

Usiku mmoja nilishikwa na homa. Sikusoma. Nyumba ilikuwa kimya. Mara tukasikia sauti kutoka ng'ambo ya ua:

"Kaka, leo hakuna Adili?"

Ilikuwa sauti ya baba mdogo. Kumbe siku zote alikuwa amekaa gizani nje ya nyumba yake, akisikiliza.

Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Mama akainamia sufuria zake kama hakusikia neno. Kisha baba akajibu, "Mtoto ana homa. Njoo kesho."

Kesho yake baba mdogo alikuja na kigoda chake. Alikaa karibu na mlango. Hakuna aliyetaja shamba. Nilisoma mpaka nikachoka.

Sisemi kwamba kitabu kilipima mpaka. Mpaka ulipimwa baada ya mavuno, mbele ya wazee, na baba hakuridhika sana. Lakini kabla ya kupima mpaka, watu wawili ni lazima kwanza waweze kukaa mahali pamoja. Kitabu kiliwakalisha pamoja.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Usiishie kusoma maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea. Tafuta kitabu hiki. Waulize walimu wa shule iliyo karibu, au uliza maktaba ukienda mjini. Kina maneno magumu, lakini usikate tamaa. Soma ukurasa mmoja kwa jioni moja. Ukikuta neno usilolijua, waulize wazee au mwalimu. Majina ya watu yatakusaidia. Adili ni mtu wa haki, Hasidi ana husuda, na Mwivu ana wivu.

Wape watoto wako wasome kwa zamu, nawe usome zamu yako. Ukikosea, wasicheke. Wakikosea, usiwagombeze. Halafu jadilianeni: Je, Adili alifanya vema kuwapa ndugu zake mali mara ya pili? Je, awasamehe, au waendelee kuwa manyani?

Mwisho wa hadithi sikwambii. Usome mwenyewe. Na unaposoma, ongeza sauti. Huenda kuna mtu anasikiliza ng'ambo ya ua.