Mwisho wa Reli

Ndugu msomaji, usicheke ukisikia kwamba mzee aliyezoea juzuu na ubao wa madrasa amekaa siku tatu sakafuni akitengeneza reli ya mtoto. Nilikaa, na nilichokipata pale nimeona si vyema nikizuie peke yangu.

Mwanangu alirudi kutoka ng'ambo, akamletea mwanawe gari la moshi la kuchezea, lile la umeme, ambalo reli yake ina milimita 16.5 baina ya chuma na chuma. Tuliipigilia juu ya meza ya zamani. Upande mmoja reli ilikwisha ukingoni, na gari likawa laanguka kila mara. Mjukuu wangu akaniambia, "Babu, tuwekee kitu cha kulizuia."

Kwanza nilipinda msumari nikaulaza juu ya vyuma vyote viwili. Papo hapo gari likasimama lilipo, na transfoma ikaanza kupata moto. Kumbe umeme wa reli hizi huja kwa chuma kimoja ukarudi kwa cha pili. Ukiviunganisha, umeupa njia ya mkato. Nikauondoa. Mara ya pili nikaweka jiwe, nikaligandisha kwa saruji. Gari lilikuja mbio, likagonga, likaruka nje ya reli, na ndoano yake ya mbele ikakatika. Mtoto akalia. Baba yake, aliyekuwa kimya pembeni, akasema taratibu, "Baba, jiwe hilo mimi nalijua."

Neno lile lilinichoma. Kijana huyu alipokuwa na miaka kumi na sita nilimkuta na kosa. Miaka yote ya nyuma nilishughulika na watoto wa watu madrasani, yeye sikumwuliza alikwenda wapi wala na nani. Siku ile ndiyo nikawa ukuta: bakora, maneno makali, na mlango nikaufunga. Akaondoka, na miaka tisa hakunijia. Nami nikijisifu kuwa nimelinda mipaka ya Mwenyezi Mungu.

Tarehe 22 Oktoba 1895, gari la moshi litokalo Granville liliingia kituo cha Montparnasse mjini Paris. Lilikuwa limechelewa, na dereva akaja kasi apate kufidia dakika. Breki za upepo hazikushika. Likavunja kizuizi cha mwisho wa reli, likavuka ukumbi, likatoboa ukuta, na kichwa chake kikaangukia barabarani chini, akafa mwanamke mmoja aliyekuwapo pale. Kizuizi kilikuwapo, ndugu yangu. Lakini kilitakiwa kulisimamisha peke yake gari ambalo lilipasa kupunguzwa mwendo tangu mbali.

Tazama hekima ya Qur'ani. Katika Suratul Baqara, aya ya 229 yatukataza kuivuka mipaka. Aya ya 187, baada ya hukumu za saumu, yatukataza hata kuikaribia. Basi breki hutangulia ukuta.

Mara ya tatu nilichonga kipande cha mvule, kimo chake sawa na ndoano ya gari, nikakivika sponji ya godoro. Sikukigandisha, bali nilikibana kwenye reli kwa nguvu, ili kikigongwa kisogee nyuma kidogo kwa kukwaruza huku kikimeza kishindo. Vituo vikubwa vya ulimwengu vinavyo vizuizi vya namna hii. Kinasogea, lakini gari halipiti. Kisha nikachora mstari wa chaki shubiri mbili kabla yake, nikamwambia mjukuu wangu, "Ukifika hapa, punguza." Tangu hapo gari hufika kizuizini likitambaa.

Ewe mzazi, mpaka usiuondoe. Nyumba isiyo mpaka watoto wake huanguka ukingoni. Lakini chora mstari wa chaki mapema. Kaa na mwanao, kula naye, mwulize habari zake akiwa bado mbali na kosa. Anayesubiri kishindo ndipo awe mlezi, amechelewa.

Usiku ule nilimwomba mwanangu radhi. Si jambo jepesi kwa mzee mbele ya aliyemzaa. Alinibusu mkono, hakusema kitu. Asubuhi nilimkuta sakafuni, akiitengeneza ile ndoano iliyokatika.

Wabillahi tawfiq.