Nambari ya Simu Si Hesabu

Wasee, kama unajifunza kuunda tovuti, shika hii moja: si kila kitu kinachoandikwa kwa tarakimu ni hesabu.

Binamu yangu aliomba kazi kupitia tovuti fulani. Akangoja, kimya. Alipofika ofisini akaambiwa walijaribu kumpigia, simu ikagoma. Kwenye mfumo wao nambari yake ilikuwa na tarakimu 9, ile sifuri ya mbele haipo. Nafasi ilikuwa imeshaenda. Hakuna aliyemwekea kinyongo. Kuna mtu tu alichagua aina mbaya ya data.

Iko hivi. Kwa Django, kila kitu unachohifadhi unakitangaza kwenye modeli pamoja na aina yake. Ukiandika IntegerField, umeambia mashine hii ni namba kamili, ya kujumlisha na kutoa. Mashine inatii. Kwa hesabu, 0712 na 712 ni kitu kimoja, so sifuri inatupwa.

Mjanja atasema, basi tuanze na 254. Buda, bado. IntegerField mwisho wake salama ni 2,147,483,647. Hiyo ni bilioni 2 na kitu. Nambari inayoanza na 254 ina tarakimu 12, yaani ukiisoma kama hesabu ni zaidi ya bilioni 254. Haiingii.

Huo ukuta uliwahi kugusa hata wakubwa. Desemba 2014, YouTube walisema Gangnam Style ya Psy imetazamwa kuliko kaunta yao ilivyopangiwa, wakaipanua. Lakini watazamaji ni hesabu ya kweli, unaongeza mmoja mmoja. Hapo dawa ni BigIntegerField. Nambari ya simu dawa yake ni CharField, maandishi.

Mimi hujiuliza swali moja: kuna siku nitajumlisha hivi vitu? Simu yako ukiongeza na yangu unapata nini? Upuzi. Nambari za vitambulisho? Upuzi pia. Tiketi zilizouzwa? Hapo sawa, weka namba kamili.

Alafu kuna hii ya default=0. Umeuliza mtu ana miaka mingapi ya kazi, akaacha wazi. Mfumo wako unaandika sifuri, na bosi anasoma "hana uzoefu". Kumbe hakujibu tu. Weka null=True na blank=True, kimya chake kibaki kimya.

Chuo niliacha, na haya sikuyapata darasani. Lakini nakumbuka nambari yangu ya usajili ilikuwa na sifuri mbele, na bila hiyo sifuri, kwa rekodi zao mimi sikuwepo. So leo fungua modeli zako, pitia kila IntegerField. Kama hiyo nambari inamtambulisha mtu, ichukulie kama jina lake. Jina la mtu hulikati herufi ya kwanza.