Thailand: Mume wangu alipokumbuka tui lililokatika

Fedha zile tulikuwa tumeziweka kwa ajili ya ukuta wa nyumba. Mtoto wetu wa mwisho alipokwenda chuo tukabaki wawili mezani, tunakula kimya, yeye na simu yake, mimi na yangu. Siku moja Baba Salma akasema, "Ukuta utasubiri. Twende Thailand." Kwa nini Thailand? Alikuwa ameona vyakula vyao kwenye televisheni, basi. Ndugu walinong'ona, na mimi mwenyewe nilipanda ndege na kinyongo changu.

Bangkok tulikaa siku mbili tu. Joto lake ni lile lile la Tanga mwezi wa pili, ila magari ni mengi mno. Tulikwenda hekalu la Wat Pho kumwona Buddha aliyelala, sanamu yenye urefu wa mita 46. Mlangoni unavua viatu, mabega unayafunika, na mtu wa Pwani hapati shida na hilo. Miguu huielekezi kwa sanamu wala kwa mtu, na kichwa cha mtu hakiguswi ovyo. Salamu yao ni kuunganisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa. Kufikia siku ya pili mume wangu alikuwa akiwaamkia hivyo hata wauza maji.

Tukapanda treni ya usiku kwenda Chiang Mai, mji wa kaskazini. Jioni mhudumu hupita akigeuza viti kuwa vitanda na kutandika shuka. Mimi chini, yeye juu, tukacheka kama watoto wa bweni. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka lini.

Chakula maarufu cha Chiang Mai ni khao soi, tambi kwenye mchuzi wa tui la nazi, juu yake tambi nyingine zilizokaangwa zikakauka, pembeni vitunguu na ndimu. Sisi tulikula karibu na msikiti wa Ban Haw, mtaa wa Waislamu ambao wazee wao walitoka Yunnan, China. Baba Salma alimaliza bakuli mbili. Saladi ya papai bichi ndiyo iliyomtoa machozi, kwa sababu alikataa kusema "mai phet", yaani usitie pilipili.

Siku iliyofuata tukaenda kujifunza kupika. Mwalimu, mama mmoja mcheshi, alitupa kinu na mchi. Tukatwanga pilipili mbichi, mchaichai, kitunguu swaumu, uduvi uliosagwa na chumvi, na mzizi unaofanana na tangawizi. Nilijiona niko nyumbani.

Kisha akafanya jambo lililonishtua. Alimimina tui zito kwenye sufuria kwanza, akaliacha lichemke mpaka likakatika na mafuta yakaelea juu. Ndipo akatia viungo vikaangike humo humo, na tui jepesi likafuata baadaye. Wapishi wenzangu wa Pwani mnanielewa. Sisi tui zito hutiwa mwisho, unakoroga bila kuacha, na likikatika ni aibu ya mpishi. Huyu mama alilikata kwa makusudi, na mchuzi ukawa mtamu ajabu.

Nilimtazama mume wangu. Aliinamia kinu chake, hakusema neno.

Kesho yake tulikwenda Doi Inthanon, mlima mrefu kuliko yote Thailand, mita 2,565. Kwetu sisi wenye Kilimanjaro si kitu, lakini njiani kuna maporomoko ya maji yanayokurushia manyunyu usoni, na kileleni msitu wote umevaa kuvu na ukungu. Baridi ilikuwa ya Lushoto. Tulijifunika khanga yangu moja, wote wawili.

Hapo ndipo aliposema. "Mama Salma, mwaka ule wa kwanza mama alipomwaga mchuzi wako mbele ya wageni, nilikuwepo. Nilipaswa kusema kitu."

Miaka 22. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa naikumbuka ile sufuria. Nililia kidogo, kisha nikamwambia twende tukanywe chai, miguu inaganda. Wala sikumwambia nimesamehe. Tulizungumza njia nzima ya kurudi, mambo mengine ya zamani na mengine ya kipuuzi, mpaka dereva akawa anatuchungulia kwenye kioo.

Ukuta haujajengwa hadi leo. Jumapili ya pili baada ya kurudi, Baba Salma aliingia jikoni mwenyewe, akatwanga, akapika kama alivyofundishwa. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Alifunua sufuria, akachungulia yale mafuta yanayoelea.

"Tui limekatika hili. Nani kapika?"

"Mimi, mama," akajibu mwanawe.

Mama mkwe akanitazama, akamtazama yeye. Kisha akavuta sahani, akaomba wali.