Baiskeli bondeni: barabara tambarare ya Ifakara ina miezi yake

Najua nilipotea, msinirushie mawe. Nilikuwa TP, wiki nane, Ifakara mkoani Morogoro. Sasa nimerudi chuo, foleni ya kafeteria ni ile ile, na kila ninayekutana naye ananiuliza, "Eti kule ulikuwa unaendesha baiskeli?" Ndiyo jamani, tena kila siku ya Mungu. Na kwa kuwa watatu kati yenu mnataka kwenda likizo ijayo, naandika mara moja tu, mje msome hapa.

Kwanza jiografia kidogo. Watu wa Jiografia mnisamehe, mimi ni wa Kiswahili na Historia. Bonde la Kilombero limekaa kati ya milima ya Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili. Katikati hapo ni tambarare mpaka macho yanachoka. Mito inashuka kutoka milimani, inatawanyika mbugani, halafu maji yote yanaelekea Rufiji. Mwaka 2002 eneo hilo la hekta 796,735 liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Kuna kwera wa Kilombero, ndege mdogo wa njano ambaye wanasayansi walimtambulisha rasmi mwaka 1990 tu. Kuna na sheshe, swala wa mbugani ambaye zamani alikuwa wengi sana kule na sasa amepungua mno. Kwa mtu wa baiskeli habari kubwa ni moja: hakuna mlima. Zero. Gia zako zote utatumia moja.

Halafu baiskeli Ifakara si mchezo wa wikiendi. Ndiyo usafiri wenyewe. Mama kavaa khanga zake mbili, mtoto mgongoni, gunia la mpunga kwenye keria, anakupita kama umesimama! Mimi nilikodi Phoenix kuukuu kwa fundi mmoja mzee karibu na nilipopanga. Nilimuuliza kama ana ya gia, akacheka. "Mwanangu, gia za nini huku? Huku tafuta tairi nzuri na breki. Kilima chetu ni tope."

Haya, njia zenyewe.

Ya kwanza ni ya kujipimia pumzi: kutoka mjini kushuka hadi daraja la Mto Kilombero. Mwendo wa pole hukosi kufika ndani ya saa moja, hata ukisimama kununua miwa. Daraja lina urefu wa mita 384 na lilizinduliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo watu, magari na baiskeli walivuka kwa kivuko. Simama juu ya daraja saa kumi na mbili asubuhi uangalie ukungu unavyoondoka juu ya maji. Ila usishuke kwenda kunawa uso mtoni, mamba hawajui kwamba wewe ni mgeni.

Ya pili unavuka daraja na kuendelea kusini, Kivukoni, Minepa, hadi Lupiro. Kutoka Ifakara mpaka Lupiro ni kama kilomita 26. Milima ya Mahenge iko mbele yako njia nzima na haisogei, mpaka unahisi kama hauendi. Pande zote ni mpunga. Kivuli hakuna, kwa hiyo uondoke alfajiri au usiondoke kabisa.

Ya tatu ni magharibi, kuelekea Idete na Namawala, Udzungwa ikiwa mkono wako wa kulia. Hii niliipenda kuliko zote kwa sababu ukichoka barabara unaweza kuingia vijinjia vya katikati ya mashamba, vile vinavyopita juu ya matuta ya majaruba. Ni vyembamba, usukani ushike sawasawa. Ukikutana na mwenye mzigo wewe ndiye unayeshuka, ndiyo adabu ya kule. Na usikatize ovyo kuingia mbugani, maana sehemu ya bonde ni pori la akiba.

Vya kubeba: maji mengi, kofia, kiraka na solusheni, pampu, chandarua cha kulalia (mbu wa kule wana digrii). Upepo usijaze mpaka tairi ligonge kama ngoma. Kwenye mchanga tairi laini kidogo linakwenda vizuri zaidi.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike. Hayo yote niliyosema ni ya Julai na Agosti. Kule darasani nilipewa Kidato cha Pili. Siku ya pili nikakabidhiwa daftari la mahudhurio, nikaanza kulipekua kurudi nyuma. Julai vizuri, darasa limejaa. Nikarudi Aprili, Machi, Februari. Jamani! Majina kumi na moja yana "hayupo, hayupo, hayupo" mstari mzima. Na pembeni mtu kaandika kwa kalamu nyekundu: mtoro.

Nikawauliza wenyewe, mmoja mmoja, kwa upole. Binti mmoja, mkimya, anaandika insha nzuri kuliko wote, akaniambia, "Madam, mimi si mtoro. Nilikuwa dungu."

Dungu ni kibanda cha shambani kilichoinuliwa juu ya miti. Mvua zikianza familia nyingi zinahamia huko bondeni, zinalima, zinapanda, zinapalilia, zinafukuza ndege, mpaka mpunga uvunwe. Nyumba ya kijijini inabaki imefungwa. Mtoto afanye nini, abaki peke yake ale nini? Anakwenda na wazazi, na kila asubuhi anajitahidi kuja shule kwa baiskeli.

Jumamosi moja nikamwomba anionyeshe njia yake. Tukaondoka na kaka yake, watatu, baiskeli mbili. Njia kavu, imenyooka, tukatumia dakika hamsini kwa mwendo wa maongezi. Nikamwambia mbona rahisi. Kaka mtu akasimamisha baiskeli karibu na mti mmoja, akaninyoshea kidole alama ya tope kavu kwenye shina. Ilikuwa juu ya kiuno changu. "Aprili maji yanafika hapo, mwalimu."

Mwezi huo njia hiyo haipo. Wanapakia baiskeli kwenye mtumbwi, wanavuka, halafu wanazunguka kwa barabara ya juu. Tope jeusi la kule linashika kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kabisa. Unaibeba baiskeli iliyotakiwa ikubebe wewe. Akifika shule saa nne na sare imelowa, anaadhibiwa kwa kuchelewa. Kwa hiyo kuna siku anaona bora asije. Wewe ungekuja?

Nawaandikia hasa ninyi wa Ualimu. Tumefundishwa mbinu shirikishi, andalio la somo, azimio la kazi, yote hayo mazuri. Shule za sekondari za kata zilienea kuanzia mpango wa MMES wa mwaka 2004 ili shule isogee karibu na mtoto, na kweli zimesogea. Lakini kule bondeni "karibu" inabadilika na msimu. Kilomita ni zile zile, maji ndiyo yanayoamua.

Mimi nilifanya kadogo nilichoweza. Wale kumi na moja niliwafanyia vipindi vya jioni mara mbili kwa wiki, tukafidia mada za Februari mpaka Aprili, na nikawaachia nakala za notisi. Yule binti nilimwachia notisi za mada zinazokuja mwakani pia, kwenye mfuko wa nailoni mzito. Hosteli ndiyo dawa, wazazi wenyewe wanalijua hilo, lakini hosteli haijengwi na mwanachuo mwenye hela ya TP.

Ila kuna kitu ambacho hakihitaji bajeti. Ukipangiwa shule ya mbugani, iwe Kilombero, iwe Rufiji, iwe Malagarasi, azima baiskeli wiki ya kwanza. Endesha mpaka kwa mwanafunzi wako anayekaa mbali kuliko wote. Uliza maji hufika wapi na mwezi gani. Halafu ndipo ushike kalamu nyekundu.

Ninyi watatu wa likizo, nendeni kati ya Julai na Oktoba, mtafurahi sana. Mkifika kwa fundi mzee msalimieni, mwambieni ni wale wa mwalimu aliyetaka gia. Nami naomba Mungu ajira ikija wanipangie kule kule, Januari, nianze na mvua.

Haya, msuli unaniita, test Jumatatu. Nawasilisha.