Kidonda Kisicholiza

Kwetu Bukavu, ugonjwa wa Buruli sisi wauguzi tuliusoma darasani tu. Jina lake limetoka Uganda, kwenye eneo la Buruli karibu na mto Nile, lakini wagonjwa niliwafuata upande wa pili wa Kongo. Nilipanda ndege hadi Kinshasa, kisha basi la barabara ya Matadi. Kasangulu, Kisantu, Mbanza-Ngungu: kila tuliposimama, wauza chikwangue, ile mikate ya muhogo, walijaa madirishani. Kimpese Kiswahili changu kikaniishia. Huko ni Kikongo, nami nikawa nyuma ya muuguzi mwenyeji, akinitafsiria.

Mama mmoja mzee alimleta mjukuu wake, ana kidonda cha upana wa kiganja karibu na goti. Muuguzi akachukua kijiti cha pamba, akakipitisha chini ya ukingo. Kikazama karibu chote, ndani ya ngozi ambayo kwa juu ilionekana nzima kabisa. Mtoto akaendelea kula ndizi yake.

Bakteria wa Buruli hutoa sumu, mykolaktoni, inayoua ngozi na mafuta yaliyo chini yake, na sumu hiyohiyo huzima maumivu. Ndiyo maana watu huchelewa. Kilianza kinundu kigumu, akaeleza bibi. "Mtoto halii, hana homa. Niende hospitali kusema nini?" Kwanza walipita kwa mganga, kwani mbasu, kama wanavyouita, wengi huamini ni wa kurogwa.

Pamba ile ilipakwa kwenye kioo ikatazamwe kwa darubini. Sampuli nyingine ikafungwa kwenda Kinshasa kwa kipimo cha PCR. Zamani tiba ilikuwa kisu, kukata mpaka nyama nzima. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani likapendekeza antibiotiki, na leo mgonjwa hupewa rifampisini na klarithromisini kwa wiki 8. Kidonda kikubwa bado huhitaji kupandikizwa ngozi.

Ila dawa hainyooshi goti. Kovu likikauka mguu umekunjwa, mtoto atachechemea maisha yake yote, kwa hiyo mazoezi huanza mapema. Muuguzi alimwonyesha bibi namna ya kuunyoosha mguu polepole. Mtoto akapiga kelele, bibi akaachia.

"Endelea, mama," muuguzi akamwambia. "Amenyamaza muda wote huo. Leo mwache alie."