Kumfundisha Mtoto Mmoja

Kazi yangu, ndugu wasomaji, ni kupita nyumba za watu mjini Tanga baada ya sala ya Alasiri, nikiwafundisha watoto hesabu, mmoja mmoja. Wazee wengi hudhani kuwa mwalimu wa nyumbani huajiriwa ili aeleze zaidi kuliko mwalimu wa shule. Nami nalidhani vivyo hivyo, na dhana hiyo ilimdhuru mtoto wa watu.

Alikuwa kijana wa darasa la saba. Kila akikwama, nilikuwa nikiichukua kalamu mkononi mwake nikamwonyesha. Daftari likajaa hesabu safi. Baba yake akalitazama, akafurahi, akaniongezea ujira. Matokeo yalipotoka, jina lake halikuwamo miongoni mwa waliochaguliwa kwenda sekondari. Mama yake aliniletea daftari lile barazani, akaniuliza kwa upole, “Maalim, hesabu hizi alizifanya nani?” Sikuwa na la kusema.

Tangu siku hiyo kalamu haitoki mkononi mwa mtoto. Mimi huuliza, kisha hunyamaza. Na kunyamaza huko, Wallahi, ni kuzito kuliko kueleza.

Binti mmoja wa darasa la tano alijumlisha nusu na theluthi, akaandika 2/5: kiasi kwa kiasi, 1 na 1, na asili kwa asili, 2 na 3. Zamani ningalimwambia, “Umekosa, tafuta kigawe kidogo cha shirika,” naye angalifuata bila ya kufahamu. Safari hii nalimwuliza, “Umefikaje hapo, mwanangu?” Akakaa kimya, hata mama yake akachungulia kutoka jikoni. Mwishowe akasema, “Maalim, nikipata swali 1 katika 2, na tena 1 katika 3, si nimepata 2 katika 5?”

Nalistaajabu. Katika maksi alisema kweli! Asilolijua ni kuwa nusu na theluthi hapa ni sehemu za kitu kimoja, si za vitu viwili. Mwalimu mwenye watoto sabini mbele yake atapata wapi nafasi ya kulisikia neno kama hilo? Chuoni kwetu, angalau, kila mtoto alikuwa na mahali pake pa kusoma. Mmoja yuko katika alifu, mwenziwe katika Yasini, na kila mmoja akisikilizwa peke yake.

Basi nikampa mas-ala ya mirathi. Mwanamke amefariki, hana mtoto wala ndugu, baba na babu wametangulia. Ameacha mume, mama na ami. Mume hupata nusu, mama theluthi, na ami kinachobaki. Akachora mkate, akautazama, akairudia ile 2/5 yake. “Lakini Maalim, mume peke yake ana nusu, na hii haifiki nusu! Tena ami achukue 3/5?” Akaifuta mwenyewe. Akaukata mkate vipande 6: mume 3, mama 2, ami 1.

Saa nzima ilikwisha kwa hesabu moja. Baba yake alipoona ukurasa mmoja tu, tena umejaa alama za kufuta, aliniuliza kama hicho ndicho anacholipia. Nalimwomba amwite binti amweleze.

Kijana yule wa kwanza siku hizi ana biashara yake sokoni. Tukikutana hunipa mkono kwa adabu, akaniuliza habari za nyumbani, nami hutazama chini.