Daftari la Mtunza Stoo

Jumamosi ya mnada hapa Msalato, moshi wa nyama hukupokea barabarani kabla hujaona banda hata moja. Mpwa wangu alikuwa ameingia Dodoma jana yake kwa treni ya umeme. Aliniamkia, tukaagiza mbavu za mbuzi, na kabla hazijaiva akafungua kompyuta mpakato juu ya meza yenye chumvi na mafuta ya jana. Anasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa afya ya dunia. Chuo kiko Ulaya, yeye yuko Kimara, masomo yanapita hewani.

"Mjomba, wiki hii tumesoma utafiti wa vikope uliofanyika Kongwa. Kuna Kongwa ngapi?"

"Unaijua ipi?"

"Hii ya ng'ombe. Ya ranchi."

Nilikaa kimya kidogo. Kongwa, kutoka pale tulipoketi, ni safari ya asubuhi moja kwenda na kurudi. Mtoto wa dada yangu ameijua kwa kupitia Ulaya.

Nikamwambia ni hiyo hiyo. Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake, Watanzania wakiwemo, walichukua vijiji 6 vya huko. Vyote vikagawiwa dawa ya macho ya tetrasaiklini. Vijiji 3 kati yake vikaongezewa jambo moja tu: kukaa na wazazi, kikao baada ya kikao, mpaka wakubaliane kuwaosha watoto nyuso. Mwaka ulipopita, vikope vikali vilikuwa vimepungua zaidi kwenye vijiji vya kunawa. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1995, na leo usafi wa uso ni moja ya nguzo nne za Shirika la Afya Duniani za kupambana na vikope popote vilipo. Ukisoma haraka utasema hilo ni jambo dogo. Lakini mama wa Ugogoni aliyetoka alfajiri kufuata ndoo moja ya maji, akachimba mchanga wa korongo na kusubiri yajikusanye, haoni busara kuyamwagia uso wa mtoto utakaojaa vumbi baada ya dakika kumi. Kazi kubwa ilikuwa kuonyeshana, kwa kopo na kiganja, kwamba maji ya kunawia uso ni machache kuliko mama anavyokisia.

Mambo hayo ya maji na macho mimi niliyasikia miaka mingi kabla utafiti huo haujachapishwa. Aliyenifundisha hakuwahi kuvaa joho.

Niliajiriwa ukarani katika ofisi ya afya ya wilaya mwaka 1983. Nimefungua barua ya ajira kuhakiki: ni Machi 1984. Na iwe hivyo. Mganga Mkuu alinitazama, akasema niende stoo nikajifunze kazi.

Ile stoo ilikuwa chumba cha matofali chenye dirisha moja la nondo. Ukifungua mlango kilichokupokea kwanza kilikuwa uchungu. Vumbi la klorokwini lilitua midomoni, na mchana ukila ugali wa uwele na mlenda bado ulikuwa unauonja. Ndipo zikaja harufu: makaratasi ya maboksi, laizoli, na mafuta ya taa ya friji la chanjo. Kila asubuhi mtunza stoo, tuliyemwita Mzee, Mgogo mrefu mwenye koti la kaki lililofifia, alipiga magoti mbele ya friji hilo kuutazama mwali. Ukiwa wa buluu, aliinuka akasoma kipimajoto na kuandika. Ukiwa wa njano, alizima, akakata utambi, akapangusa masizi kwa kitambaa kilichoning'inia hapo hapo, akawasha upya na kuungoja ubadilike rangi. Ukimwamkia wakati huo hakuitikia. Akishainuka alikugeukia, akaitikia kwa ukamilifu, na kukuuliza habari za nyumbani mtu mmoja mmoja.

Enzi hizo dawa za zahanati zilikuja kwa maboksi yaliyofungwa, yakinunuliwa kupitia UNICEF kwa fedha za Denmark. Yaliokoa watu wengi, nami sitayasema vibaya. Ila boksi lilikuwa moja kwa kila zahanati: ya bondeni kwenye mbu na ya mlimani kwenye upepo zilipata idadi ile ile ya vidonge. Waganga walipokuja mwisho wa mwezi, ofisini waliulizwa wametumia nini. Mzee aliwauliza swali lake: "Umebakiza nini?" Jibu aliliandika kwenye daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni. Kijiji, mwezi, kilichobaki, kilichoisha na tarehe kilipoishia. Aliyebakiza dawa za minyoo alizirudisha, wa kijiji kingine akazichukua. Mvua zikikaribia, alikuwa ameshajua klorokwini itaisha wapi kwanza, na alikuwa amehifadhi ya ziada kwenye rafu ya chini, nyuma ya mabunda ya pamba. Hakuna waraka uliomtuma kufanya hivyo.

Nilikaa naye miaka miwili. Kisha nikapelekwa chuo cha Mzumbe, wakati huo watu wakikiita IDM, nikatoka nikiwa katibu wa afya. Huko nilifundishwa makadirio ya mahitaji. Mwalimu alichora mistari ubaoni, msimu wa mvua ukipanda, kiangazi kikishuka, na mimi nikaona rafu ya chini.

Shahada ya uzamili niliifuata hapo hapo Mzumbe nikiwa na mvi. Kati ya yote niliyosoma, lililonishika ni mradi wa TEHIP wa Wizara ya Afya na Wakanada, uliofanyika Rufiji na Morogoro Vijijini. Wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amefariki na aliugua nini. Ikaonekana kwamba malaria ilibeba karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea kule Morogoro, huku bajeti ya afya ya mwaka 1996 ikiitengea asilimia 5. Timu za wilaya zilipoanza kupanga fedha kwa kufuata maradhi yaliyopo, pamoja na nyongeza ndogo isiyofika dola moja kwa kila mkazi, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano. Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Ni lile swali la Mzee, limeulizwa wilaya mbili nzima.

Tangu nilipotoka IDM, mambo yalikuwa yamekwenda mbio. Uchangiaji gharama, vitabu vya MTUHA vya takwimu za afya, Mfuko wa Afya ya Jamii. Klorokwini ikaondolewa 2001, SP ikaja na kupita, ikaja dawa ya mseto. Mwaka 2007 Dodoma ikapata vyuo vikuu viwili, UDOM na St. John's, na wanafunzi wa uzamili wakaanza kumiminika vijijini na hojaji zao. Wengine ni wazuri kweli. Wengine hushuka kwenye gari, humuuliza bibi kizee maswali 60 bila kumsalimu hata kwa "mbukwenyi" ya Kigogo, wakaondoka. Hilo linaniudhi mpaka leo. Mwaka jana, katika zahanati moja nisiyoitaja, nilimsindikiza jirani mwenye kisukari. Rafu tupu. Kijana wa dawa akageuza kishikwambi anionyeshe: "Mzee, mfumo unasema ipo." Alisema kwa upole, na ndicho kilichoniuma. Hakunyanyuka hata kuangalia nyuma ya boksi.

Stoo yetu ilishavunjwa. Ni maegesho ya magari.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mbavu zikapoa. Naye ana mzigo wake: anasoma ili apate kazi kwenye miradi, na mwaka 2025 fedha za Marekani zilipokatika, ofisi alizokuwa akizilenga zilifungwa. Aliniuliza kama ameanza masomo wakati mbaya. Nilimwambia twende nyumbani.

Daftari ninalo. Mzee alinipa siku aliyostaafu, akasema, "Hili si la serikali." Mchwa wamekula pembe moja. Mpwa wangu alifuta meza, akanawa mikono, akaanza kuyahamishia majedwali kwenye kompyuta, kijiji kwa kijiji. Saa kumi jioni akasimama kwenye herufi mbili zilizojirudia pale tu dawa ya macho ilipoisha mapema.

"Mjomba, MM ni nini?"

"Maji mbali."

Akaiandika. Akahesabu vijiji vyenye MM kwa kidole, akarudia kuhesabu. Kisha akanionyesha alama nyingine, K iliyozungushiwa duara kwa kalamu nyekundu, iliyoanza 1985 na kukoma ghafla 1988.

Hiyo sikuwahi kumuuliza. Tumeiacha seli yake wazi.